Sinki la kempavani linatoa maji polepole: cha kununua kwanza Malindi, na cha kuacha dukani

Ukiingia hadiwea na kusema sinki limeziba, muuzaji atakutolea dawa kali ya kuzibulia kabla hujamaliza kusema. Iache kwanza. Sinki la kempavani, yaani gari lenye jiko na kitanda ndani, si kama la nyumba. Maji yake hupita kwenye mpira mwembamba, mara nyingi wa milimita 20 hadi 28, unaokwenda karibu mlalo hadi kwenye tangi la maji machafu chini ya gari. Kinachoyachelewesha kwa kawaida ni hewa, mteremko au mafuta yaliyoganda.

Kwa hiyo pima kabla ya kutoa pesa. Weka ndoo chini ya gari, fungua koki ya tangi, kisha mwaga maji sinkini. Yakishuka kwa kasi, ama tangi lilikuwa limejaa, ama halina pa kupumulia: hewa iliyomo ndani inalazimika kupanda kwa mpira uleule ambao maji yanashukia, ndiyo maana sinki linatoa mapovu. Kama halikuwa limejaa, unachohitaji ni mpira wa hewa wa milimita 10 au 12 kutoka juu ya tangi, upandishwe kupita usawa wa ukingo wa sinki. Baada ya hapo weka pima maji sakafuni. Mpira wa sinki unataka kushuka kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita, na gari likiegeshwa limeinama vibaya kwenye mchanga wa ufuo wa Silversands, mteremko huo wote unapotea. Hapo kipande cha ubao chini ya gurudumu kinatosha.

Vipimo hivyo vikipita na maji bado yanasuasua, nunua kwa mpangilio huu.

La kwanza: mpira mpya, mpana, laini ndani. Magari mengi hutoka kiwandani na mpira wenye mikunjo. Kila mkunjo hushika mafuta, na mpira ukilegea katikati ya vishikizo hufanya tumbo ambalo maji hulala humo. Tui la nazi lina sehemu yake hapa: mafuta ya nazi huganda karibu na nyuzi 24, kwa hiyo mchana wa Januari yanapita, lakini usiku wa Julai, kusi likivuma, huanza kushika. Mafuta ya mbuzi huganda hata mchana wa jua kali. Maji ya visima vya Malindi nayo, yanayotoka kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na chokaa ikikutana na sabuni ya mche hufanya utando wa kijivu juu ya mafuta hayo.

Kupata saizi, zungushia uzi shina la sinki, yaani kijibomba cha chini yake kinachovishwa mpira, pima urefu wa uzi huo, gawanya kwa 3.14. Uzi wa milimita 88 ni shina la milimita 28. Chukua mpira mzito wa plastiki wenye nyuzi ndani ya ukuta wake, uchovye ncha kwenye maji ya moto kwa dakika moja, utaingia bila kupasuka. Mabomba ya nyumba yanauzwa ya inchi moja na robo na moja na nusu, hayakai kwenye shina la milimita 28. Kipande kifupi cha mpira wa radieta kutoka duka la spea ndicho kiungo kizuri. Funga kishikizo kila sentimita 30 hadi 40.

Klipu za kubania mpira kwenye shina ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya bahari haina huruma. Nenda na sumaku dukani; ikinasa, iache klipu hiyo. Na usiishie kwenye utepe: gusisha na skrubu. Klipu nyingi zina utepe mzuri na skrubu ya chuma cha kawaida, na skrubu ikishika kutu hutaifungua tena ila kwa msumeno.

La pili: chujio la chuma lenye matundu madogo, milimita 1 hivi. La matundu makubwa linapitisha machicha ya nazi na punje za wali. Pima tundu la sinki kabla ya kwenda.

La tatu: pampu ndogo ya mpira, kikombe cha sentimita 10 hadi 12. Nzuri kwa kizuizi kilicho karibu. Ziba tundu la juu la sinki kwa kitambaa kilicholowa, maji yafunike ukingo wa kikombe, kisha vuta kwa nguvu kuliko unavyosukuma. Ukisukuma sana, mpira unachomoka kwenye shina, na maji yanaingia kwenye mbao za kabati.

La nne: waya wa springi wa milimita 6. Uutumie mpira ukiwa umefunguliwa na kutolewa nje tu. Ndani ya gari unanasa kwenye mikunjo na kutoboa.

Usinunue soda kali ya kuzibulia. Ikichanganyika na maji huchemka, na plastiki nyembamba ikilainika hubonyea na kuvuja kwenye viungo. Tangi au kiungo cha alumini nacho huliwa. Kwa mafuta, tumia lita 3 za maji yaliyochemka na ya bomba, nusu kwa nusu, pamoja na sabuni ya vyombo. Kwa chokaa, siki peke yake, ilale humo usiku kucha. Ukichanganya na soda ya kuokea, kila moja inaua nguvu ya mwenzake.

Ukishafunga mpira mpya, zungushia karatasi kavu kwenye kila kiungo, jaza sinki, liachie maji kwa mkupuo. Karatasi ikilowa, kaza. Kaza tena baada ya safari ya kwanza, kwa sababu mpira mpya hubonyea kidogo chini ya klipu na kulegea.