Jiko kapu kwa chachu ya mkate: uzoefu wangu wa kipupwe cha Tabora

Kapu hili nililinunua kwa ajili ya maharage. Hapa Tabora mjini wapo akina mama wanaoshona makapu haya wenyewe: nje kapu la ukindu, ndani tandiko nene la pamba na vipande vya sponji lililovishwa kitenge, na mto wa kufunikia juu. Maharage yakishachemka vizuri jikoni, unaitumbukiza sufuria humo ingali inatokota, unafunika, kapu linamalizia kuivisha huku wewe ukiendelea na shughuli zako. Mkaa unaookoa unauona kabla mwezi haujaisha. Kwa kazi hiyo sina la kulalamika, na wengi wanaijua tayari. Mimi nataka kueleza kazi ya pili, ambayo hata fundi aliyelishona hakuifikiria: kutunza chachu ya mkate.

Ninaoka mikate ya chachu ya asili, yaani ile ya unga na maji tu, bila hamira ya dukani. Chachu hiyo ina uhai. Ndani yake mna hamira za asili na bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki, na wote hufanya kazi vizuri zaidi kwenye joto la nyuzi 24 hadi 28 hivi. Ikiwa chini ya 20 haifi, ila inazubaa. Unailisha usiku, asubuhi unaikuta palepale.

Mtu wa Dar es Salaam hili halimhusu sana. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai mchana kuna jua kali lakini usiku joto hushuka hadi kwenye nyuzi 15. Nyumba yangu ni ya zamani, sakafu ya saruji, paa la bati. Bati hilo linachoma saa nane mchana, na jua likishazama linapoa upesi, baridi ikatulia jikoni mpaka kunakucha. Kipimajoto changu hapo alfajiri husoma 17.

Kabla ya kapu nilitumia taa ya balbu ya zamani ndani ya kabati. Inafaa umeme ukiwepo. Ukikatika usiku wa manane, umekwisha. Hotpoti nayo ni finyu kwa chupa ya chachu, na inabana mfuniko wakati chachu inatoa gesi inayotaka pa kutokea. Kuweka karibu na jiko la mkaa sikushauri kabisa: upande mmoja unaungua, mwingine wa baridi, na kufungia jiko la mkaa ndani usiku ni hatari kwa maisha ya watu.

Sasa kapu. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba halitengenezi joto. Mama aliyeniuzia nilipomwuliza kama litapasha chachu, alinijibu, “Mwanangu, kapu halina moto wake. Moto unakuja nao wewe, lenyewe linakushikia tu.” Ukiingiza chupa ya baridi kwenye kapu la baridi, asubuhi utatoa chupa ya baridi.

Kwa hiyo jioni ninailisha chachu kwa maji ya uvuguvugu: kijiko kikubwa cha chachu ya zamani, gramu 50 za unga, gramu 50 za maji. Unga ninachanganya, nusu mweupe na nusu atta, yaani ngano isiyokobolewa, kwa sababu pumba za atta zinaichangamsha. Maji ya bomba ninayachemsha kwanza klorini itoke, kisha ninayaacha yapoe. Chupa ni ya jemu, ya kioo, mfuniko umeegeshwa bila kukazwa, na nje ninavalisha mpira wa kufungia pesa usawa wa chachu ilipo. Halafu ninajaza chupa mbili za plastiki maji ya moto ambayo kidole kinavumilia, ninazizungushia khanga kuukuu, ninazisimamisha kushoto na kulia, chachu katikati. Mto juu, basi.

Asubuhi ndani ya kapu kipimajoto kinasoma 25 na ushei. Chachu imepanda mpaka mara mbili ya ule mpira, juu imeumuka kama mgongo, na ukiitazama kwa ubavu wa kioo unaona matundu makubwa na madogo yamesongamana toka chini. Harufu yake ni ya mtindi mzuri. Ile ya baridi ilikuwa inanuka siki kali na mkate ukatoka mzito, umeshikana katikati. Wateja wangu wanaochukua mkate Jumamosi wameacha kuuliza kulikoni.

Kuna njia nyepesi zaidi siku ninayopika maharage. Nikishatoa sufuria jioni, tandiko la ndani lina joto bado. Ninaliacha wazi kidogo, ninafuta unyevu, nikihakikisha kipimajoto kimeshuka chini ya 30 ndipo chachu inaingia. Ila kamwe usiiweke pamoja na sufuria inayotokota. Hamira hufa joto likipita nyuzi 50 na kitu, na huwezi kuifufua.

Upungufu upo. Kitenge cha ndani kwenye kapu langu kimeshonewa moja kwa moja, hakivuliki, na mvuke wa maharage ukizoeleka humo unaleta ukungu. Lazima ulianike juani mara kwa mara, mto na kapu lenyewe. Kama unaagiza la kushonewa, omba kitambaa cha kuvua na kufua; kwangu hilo ndilo kubwa kuliko mengine yote. Pia usichukue kubwa mno kwa chachu peke yake, maana nafasi tupu inakula joto. Mimi nililipa Sh 30,000 kwa la sufuria ya lita tano, na nafasi inayobaki ninaijaza khanga. Sisimizi nao hupenda unga uliodondokea kwenye ukindu, hivyo ninaliweka juu ya meza, miguu ya meza ndani ya vikopo vya maji.

Oktoba joto likirudi, chachu ninaitoa kabisa, maana kwenye kapu itakula chakula chake chote kabla hakujacha na kuacha maji ya kijivu juu. Miezi hiyo kapu linarudia maharage.