Upscayl au GIMP: kukuza picha ya mlango wa Lamu hadi A3

Kuchapa A3 kwa nukta 300 kwa inchi kunataka pikseli 3508 kwa 4961. Picha ya pikseli 1200 kwa 1600 haifiki, lazima ikuzwe. Programu zote mbili ni za bure.

GIMP hukadiria pikseli mpya kutokana na zile jirani. Fungua Image, kisha Scale Image, uchague njia ya kukadiria iitwayo NoHalo. Haizushi kitu, ila ukivuka mara mbili ya ukubwa wa awali, ukungu huanza kuonekana.

Upscayl hutumia akili mnemba. Ukichagua mara nne unapata 4800 kwa 6400, na kingo zimekaza. Inahitaji kadi ya michoro inayokubali Vulkan (teknolojia ya kuendesha kadi hiyo), kwa hiyo kompyuta kuukuu huenda ikagoma. Hatari yake ni kubuni: nakshi ndogo huweza kugeuka michirizi, na maandishi ya Kiarabu juu ya mlango yakapoteza nukta. Nukta ikihama, herufi imebadilika! Linganisha na picha asili kwa asilimia 100 kabla ya kuchapa.

Jahazi baharini Shela, tumia Upscayl. Maandishi na nyuso za wazee, GIMP, hata zikififia kidogo. Na mwombe mpigapicha aitume WhatsApp kama dokumenti. Ikitumwa kawaida hubanwa, na madoa ya kubanwa nayo hukuzwa.