Kuchukuliwa kinyama cha kizazi kwa sababu ya hedhi nyingi: uzoefu wangu hapa Mtwara

Naanza na jibu, maana aliyekwisha pangiwa tarehe hana subira ya kusoma mengi. Kipimo chenyewe, cha kuchukua kipande kidogo cha nyama ndani ya kizazi kikapimwe, hakikufika dakika kumi. Kiliuma, kikaisha, nikarudi nyumbani siku ileile kwa bajaji. Kilichonitesa zaidi ni kukisubiri. Na aliyenipunguzia mateso hayo ni nesi mmoja aliyekaa na mimi akanieleza kitakachofanyika, hatua moja baada ya nyingine, kabla sijapanda kitandani. Kama kuna alama za kutoa, nyingi ni zake.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 46 na watoto wanne. Zamani hedhi yangu ilikuwa ya siku nne au tano, nikishika hesabu bila shida. Ikabadilika pole pole, ikawa inapita wiki, na damu inatoka kwa mabonge. Pedi nene ya usiku haimalizi saa mbili. Kazini nilikuwa nakunja kipande cha kitenge naweka chini ya pedi, na stuli yangu nikaishonea foronya nyeusi ili likitokea la kutokea mteja asione. Nikiinuka kumpima mtu kiuno, macho yanaingia giza, nashika ukingo wa meza mpaka pakae sawa. Nyumbani wote walisema ni umri, damu inaaga. Mama mkwe alinitumia mizizi kutoka Tandahimba, nikaichemsha na kuinywa kwa heshima yake, na damu ikaendelea kutoka.

Kabla ya hospitali nilipita kwanza kwenye zahanati moja. Aliyenipokea alinisikiliza nusu, akaandika kwenye daftari, akasema, "Njoo Jumatatu tukusafishe." Hakunipima damu, hakunipeleka ultrasound, wala hakusema anasafisha nini na kwa nini. Jumatatu sikwenda. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu mwanamke akiambiwa maneno yale matatu tu, anatoka pale na hofu atakayokaa nayo miezi.

Na hofu yetu ina sababu mbili ambazo wahudumu wengi hawazigusi. Ya kwanza ni watu. Mtaani ikisikika fulani kasafishwa, wanaanza kuulizana: mimba ilikuwa ya nani, imetoka yenyewe au kaitoa? Nikawaza nani ataniona nimekaa kwenye lile benchi, na mume wangu ataambiwa nini akiwa baharini kwenye shughuli zake. Ya pili ni hadithi. Shoga yangu mmoja miaka mingi iliyopita mimba ilimharibikia, akasafishwa bila ganzi huku ameshikwa miguu. Alinisimulia kwa nia njema, kunitayarisha. Hadithi hiyo nililala nayo kila usiku.

Hospitali nilikwenda Novemba, malipo ya korosho yalipoingia, kwani sina bima na mambo mengi kwetu husubiri mnada. Daktari bingwa wa wanawake alinihoji kwa utulivu: hedhi inakaa siku ngapi, mabonge yanazidi ukubwa wa sarafu, natumia dawa gani, kuna mtu kwenye ukoo mwenye saratani, kuna uwezekano wa mimba. Nikapimwa mimba, nikapimwa wingi wa damu. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na damu isiyopungua 12. Mimi nilikuwa na 7.9. Nilipoiona ile karatasi nililia, lakini pia nilipata nafuu ya ajabu, maana kwa muda mrefu nilikuwa najiona mvivu. Ultrasound ikaonyesha uvimbe mdogo kwenye nyama ya kizazi, ambao daktari alisema hausumbui sana pale ulipo, na ukuta wa ndani wa kizazi umenenepa kuliko kawaida.

Hapo ndipo aliponieleza sababu ya kipimo. Ukuta ule wa ndani ndio unaobomoka na kutoka kila mwezi. Mwanamke akishavuka miaka 45 na damu ikaanza kwenda ovyo, hawampi dawa tu na kumwacha. Lazima wachukue kinyama kutoka kwenye ukuta huo kikaangaliwe kwa darubini, kuhakikisha hakuna saratani wala mabadiliko yanayoelekea huko. Aliitamka saratani waziwazi, hakuizunguka. Akasema pia kwamba sababu nyingi za damu nyingi si saratani. Niliogopa, lakini sasa nilijua naogopa nini.

Akanianzishia vidonge vya kuongeza damu, na vingine vya kumeza siku za hedhi tu ili kupunguza mtiririko. Vya kuongeza damu usivinywe na chai ya rangi, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Kunywa na juisi ya chungwa. Na choo kitakuwa cheusi, usishtuke.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe sikulala. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Binti yangu mkubwa alikuja kulala na mimi, akawa ananishika mgongo bila kusema kitu. Majirani walikuwa wameniambia nisile wala kunywa, kwa hiyo nilifika hospitali asubuhi nikiwa na njaa, mikono ya baridi, tumbo linanguruma. Walipopima presha ikasoma juu, 150 kwa 95, mimi ambaye sijawahi kuwa na presha.

Nesi aliyekuwa zamu (mama wa makamo, Mmakonde kwa lafudhi) alitazama mashine, akanitazama mimi. "Mama, umekula?" Nikamwambia sijala, nimeambiwa nifunge. Akasema kufunga ni kwa mtu anayelazwa usingizi. Wewe unapigwa ganzi ya sehemu tu, na ukija na njaa ndiyo utazimia. Akamtuma binti yangu chai na maandazi. Akanipa kidonge cha maumivu nikimeze pamoja na chakula, kwani kinatakiwa kimezwe kama saa moja kabla. Kisha akavuta kiti akakaa mbele yangu.

Haya ndiyo aliyonieleza, na nayaandika kwa kirefu kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayahitaji tangu ile zahanati. Utalala chali, miguu juu ya vile vishikio. Daktari ataweka kifaa cha kufungulia uke, kilekile cha kipimo cha mlango wa kizazi. Utasikia baridi na kubanwa. Atasafisha kwa dawa. Atachoma ganzi pembeni mwa mlango wa kizazi. Utasikia mchomo, na baadhi ya watu masikio huvuma kidogo au mdomo ukawa na ladha ya chuma, ikitokea utuambie. Halafu utaingia mrija mwembamba wa plastiki. Akaufungua mfano wake kutoka kwenye trei ya kufundishia, akaniwekea kiganjani. Unapinda ukiubonyeza, upana wake milimita nne. Nje unaunganishwa na bomba la mkono linalovuta. Likivuta, tumbo litakaza kwa dakika moja mbili, maumivu ya hedhi ya siku ya kwanza lakini makali. Kizazi hakitolewi, hakikatwi, hakishonwi.

Akamalizia hivi: "Ukiona huwezi, sema acha. Tutaacha pale pale. Wala hakuna atakayekugombeza." Sijui kama anajua alichonifanyia. Nilikuwa nimejiandaa kushikwa miguu.

Alinipa muda nikatulia, akapima presha tena, ikawa imeshuka. Nikasaini fomu ya ridhaa baada ya kusomewa, si kabla. Wakaniuliza pia kama naridhia wanafunzi waingie kuangalia. Nikasema leo hapana, na hawakuingia. Mlango ulifungwa, pazia likavutwa, nikaachwa nivue mwenyewe na kujifunika kanga yangu niliyotoka nayo nyumbani.

Kwenye kitanda daktari alikuwa anasema kabla ya kugusa: sasa naweka kifaa, sasa ganzi. Ganzi ilichoma, si sana. Mrija ulipopita kwenye mlango wa kizazi nilibanwa mpaka nikakunja vidole vya miguu. Nesi alikuwa kichwani kwangu, amenishika mkono, ananiambia, "Pumua kwa mdomo mama, taratibu, kama unapoza uji." Bomba lilipovuta nilisikia maumivu yanashuka mpaka mapajani na jasho likanitoka usoni. Sitaki kumdanganya mtu: dakika ile ni ngumu. Nilisema, "Ngoja kidogo." Wakangoja, kweli. Nikavuta pumzi, nikasema endeleeni. Kisha ikaisha, na maumivu yakaanza kupungua kabla hata kifaa hakijatolewa.

Jambo moja nalisisitiza. Kinyama kiliwekwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhia, na nesi akaniletea nisome lebo: jina langu, umri, namba ya faili, tarehe. Jina la pili lilikosewa herufi moja, likarekebishwa mbele yangu. Omba kusoma lebo. Kichupa kinakwenda safari ndefu mpaka kwa anayekisoma, na huko hakuna anayekufahamu kwa sura.

Nililazwa pembeni kama nusu saa, nikapewa maji, nikapimwa tena. Maelekezo ya nyumbani nilipewa mimi na binti yangu pamoja: damu kidogo ya siku chache ni kawaida, tumbo la kubana meza dawa ya maumivu, usikutane na mume wala kuingiza kitu chochote ukeni mpaka damu ikauke. Rudi mara moja ukipata homa, uchafu wenye harufu mbaya, tumbo linalozidi kuuma badala ya kupungua, au damu inayolowesha pedi mbili kwa saa na haikomi. Kwangu halikutokea lolote kati ya hayo. Kesho yake nilijipumzisha, keshokutwa nilikuwa kwenye cherehani.

Kasoro zipo, nazo nazisema kwa sababu nataka huduma hii iwe bora. Benchi la kusubiria liko mkabala na dirisha la dawa, watu wote wanapita hapo, na kijana wa mapokezi aliita majina kwa sauti pamoja na kipimo mtu anachokwenda kufanyiwa. Dada mmoja mdogo aliyekaa karibu yangu alijifunika ushungi mpaka puani alipoitwa. Namba ingetosha. Kasoro ya pili ni majibu. Niliambiwa nitapigiwa simu, sikupigiwa. Nilikwenda na kurudi, kila safari naambiwa bado, na katika kusubiri huko ile hofu ya saratani ilirudi yote. Kwa anayetoka Nanyamba au Newala, nauli hizo ni mzigo. Mtu akiambiwa ukweli kwamba majibu yatachukua wiki kadhaa, na akapewa namba ya kuulizia, atavumilia.

Majibu yalipokuja, daktari alinisomea neno kwa neno: hakuna saratani, na chembe hazina dalili za kugeuka. Ukuta umekua kupita kiasi kwa sababu homoni moja inaukuza na ile ya kuuzuia haitoshi, jambo linalotokea sana kwa wanawake wanaokaribia kukoma hedhi. Akasema tiba inayopendekezwa kwanza ni kitanzi chenye homoni, ambacho hukaa ndani ya kizazi na kuufanya ukuta uwe mwembamba. Siyo kile cha shaba. Cha shaba kinaweza kuongeza damu. Siku ile hakikuwepo hospitalini, kwa hiyo nikaanza na vidonge vya homoni hiyo, vya kumeza kila siku kwa miezi isiyopungua sita. Nilimuuliza kuhusu kutoa kizazi, maana wifi yangu alikuwa ameshanishauri hivyo. Akanijibu kwamba kwa majibu haya hatuanzii huko.

Sasa hivi damu yangu iko 11.2, nakula kisamvu na dagaa, nameza vidonge, na nikipima mtu kiuno sishiki meza. Baada ya miezi sita kinyama kitachukuliwa tena kuona kama ukuta umerudi kawaida. Nimeshaomba iwe siku ya zamu ya nesi yuleyule, wakaandika kwenye faili.

Ukipangiwa kipimo hiki, uliza mapema mambo haya: ni ganzi ya sehemu au ya usingizi, nile au nisile, dawa ya maumivu nimeze saa ngapi, majibu yanachukuliwa wapi na lini, na gharama yote ni kiasi gani pamoja na ya kusoma kinyama, maana mimi hiyo ya mwisho nililetewa peke yake baadaye. Beba kanga mbili, pedi, na mtu wa kukurudisha. Mwambie anayekuhudumia kwamba unaogopa. Mimi sikusema, mashine ya presha ndiyo ilinisemea.