Kicheko katika Nyumba ya Akina Tripathi

Filamu ya Kihindi Shubh Mangal Zyada Saavdhan, iliyotoka tarehe 21 Februari 2020, ni vichekesho vya mapenzi kati ya vijana wawili wa kiume, na kwa maoni yangu ndiyo filamu ya aina hiyo inayomfaa zaidi mtazamaji wa Moshi au Arusha. Zipo za Hollywood zilizoandikwa kwa ustadi mkubwa kuliko hii na kuhaririwa kwa utulivu zaidi. Hata hivyo, mwandishi na mwongozaji wake, Hitesh Kewalya, ameyaweka mapenzi haya mahali ambapo sisi tunapajua kwa undani, yaani katikati ya ukoo uliokusanyika kwa ajili ya harusi, wenye baba mdogo anayehisi kuonewa tangu utotoni, mama mdogo mwenye maneno makali, na mzee wa nyumba ambaye neno lake halikatizwi mezani.

Aman Tripathi, anayeigizwa na Jitendra Kumar, anaishi Delhi na mpenzi wake Kartik, anayeigizwa na Ayushmann Khurrana, na wawili hao wanajipatia riziki kwa kutangaza dawa ya meno wakiwa wamevaa mavazi ya mashujaa wa katuni. Kwao Aman ni Allahabad. Binti ya baba yake mdogo, ambaye nyumbani wanamwita Goggle, anaolewa, na Aman anatakiwa kuhudhuria. Wazazi wake nao wamekwisha mtafutia mchumba, msichana mwenye heshima zake aitwaye Kusum. Aman anakwenda harusini pamoja na Kartik, na ndani ya treni iliyojaa ndugu na jamaa, baba yake, Shankar, anawaona wakibusiana. Kuanzia hapo siri ni ya familia nzima, na kila mmoja anaanza kuishughulikia kwa namna yake.

Watu wa Kilimanjaro wanaosafiri kila Desemba kwenda kuhesabiwa hawatahitaji maelezo ya ziada kuhusu safari hiyo. Tunajua maana ya kufika nyumbani baada ya mwaka mzima mjini, ukapokewa kwa mapenzi ya kweli, na kabla hujamaliza chakula shangazi akauliza lini utaleta mke. Swali hilo huulizwa kwa nia njema, na ndiyo maana ni gumu kulijibu kwa mtu mwenye jibu lisilotarajiwa. Filamu hii inaielewa nia njema hiyo na haiidharau, na hapo ndipo ninapoanza kuipenda.

Chaguo la treni nalo limefanywa kwa makusudi. Yeyote aliyekua akitazama sinema za Kihindi anaikumbuka Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995, ambamo Kajol anakimbia kando ya treni inayoondoka huku Shah Rukh Khan akimnyooshea mkono kutoka mlangoni. Kewalya anaichukua picha hiyo na kuwapa wanaume wawili. Kwa watazamaji wa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mapenzi ya sinema tulijifunza kwa Wahindi: wazee wetu walijaza ukumbi wa Plaza hapa Moshi na Metropole kule Arusha, wakalia na kuimba pamoja na waigizaji ambao lugha yao hawakuijua. Lugha ya macho, nyimbo, mvua na treni ilitosha. Kewalya anaitumia lugha hiyohiyo bila kubadilisha hata irabu moja, na mtazamaji anajikuta amekwisha kuwaombea vijana hawa heri kabla hajapata nafasi ya kujiuliza kama anapaswa kufanya hivyo.

Nguvu ya filamu nzima imekaa kwa wazazi. Gajraj Rao na Neena Gupta, wanaowaigiza, waliwahi kuwa mume na mke katika Badhaai Ho ya mwaka 2018, ambamo Khurrana alikuwa mtoto wao, na mazoea hayo yanaonekana hapa katika kila kauli wanayopokezana. Shankar ni mtafiti wa kilimo aliyezalisha koliflawa nyeusi na anaipenda kama mtoto, ilhali wakulima wanaandamana kwa sababu inashambuliwa na wadudu. Tunaoishi jirani na kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu tunajua jinsi mtaalamu anavyoweza kuwa na imani kubwa na mbegu aliyoihangaikia kwa miaka mingi, kwa hiyo sikumwona Shankar kama kikaragosi. Nilimwona mtu mwenye akili, msomi, ambaye elimu yake yote inamkimbia siku anapomwona mwanawe akimbusu mwanamume. Anatapika. Baadaye Aman anajaribu kumweleza kwa lugha ambayo mwanasayansi hawezi kuikataa, akimtajia kemikali ambazo ubongo wa mtu hutoa anapokuwa na ampendaye, na kumwonyesha kwamba kemikali hizo ni zilezile kwake na kwa baba yake. Mazungumzo hayo ni mafupi, yanachekesha, na ndani yake mna hoja nzuri kuliko hotuba nyingi nilizosikia kuhusu suala hili.

Hapa niseme wazi kile ninachokiona kuwa mvuto mkuu wa filamu hii. Katika vichekesho vingi tulivyozoea, mwanamume anayependa wanaume huwekwa ili achekwe: mwendo wake, sauti yake na mikono yake ndiyo mzaha wenyewe. Kewalya amegeuza upande wa kicheko. Aman na Kartik hawachekwi kwa kupendana. Kinachochekesha ni jitihada kubwa za watu wazima kulizuia jambo ambalo halimdhuru mtu yeyote. Kilele cha mgeuzo huo ni pale Kartik anapopanda juu ya paa, akiwa amejifunga bendera ya upinde wa mvua mgongoni, na kuwatangazia majirani kwa kipaza sauti kwamba mzee Shankar Tripathi ana ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ni chuki yake dhidi ya watu wanaopenda wa jinsia yao. Kwa miaka mingi neno ugonjwa limerushwa upande mmoja tu, na katika dakika chache za kelele na fujo juu ya paa linarudishwa lilikotoka.

Na bado filamu haimtupi mzee huyo. Anabaki baba anayempenda mwanawe, na mapenzi hayo hayaachi kuonekana hata anapokosea vibaya. Anakosea vibaya kweli, kwani familia inafikia hatua ya kumfanyia Aman mambo ya mazishi ili eti azaliwe upya akiwa na jina jingine. Onyesho hilo linaanza kwa kicheko na kuishia pabaya, kwa kuwa mtazamaji anatambua kwamba mama anayeshiriki katika ibada hiyo anaamini anamwokoa mtoto. Neena Gupta anaigiza hapo kwa uso zaidi kuliko kwa maneno. Ni onyesho ambalo ningependa kila mzazi alitazame.

Busu la harusini nalo linastahili kutajwa. Katikati ya muziki, mbele ya wageni wa pande zote mbili, Kartik anambusu Aman, na harusi ya Goggle inavunjika. Ni rahisi kwa mtu wa huku kupima ukubwa wa tukio hilo: afikirie ukumbi uliopambwa, kamati iliyohangaikia michango kwa miezi, ndafu iko tayari kuingizwa, na MC hana la kusema. Jambo la kupendeza ni kwamba Goggle, aliyepoteza ndoa kwa sababu ya busu hilo, habaki kuwa adui yao. Maanvi Gagroo anampa uchungu na ucheshi kwa kipimo kinacholingana, na urafiki wake na Kartik unanigusa kuliko sehemu nyingi za mapenzi yenyewe.

Hadithi inatokea katika siku za kuelekea tarehe 6 Septemba 2018, ambapo Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba kifungu cha 377 cha sheria ya adhabu hakiwezi tena kutumika dhidi ya watu wazima waliokubaliana faraghani. Kifungu hicho kiliwekwa na Waingereza katika sheria ya mwaka 1860. Msomaji wa Tanzania anapaswa kujua kwamba sheria hiyohiyo ya adhabu ya India ililetwa Tanganyika na utawala wa Kiingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikatumika hadi ilipowekwa Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, na kwamba maneno yanayokataza tendo lililo kinyume cha maumbile yamebaki hadi leo katika kifungu chetu cha 154, ambacho adhabu yake inafika kifungo cha maisha na haipungui miaka 30. Kwa hiyo polisi wanapobisha hodi kwa akina Tripathi, mtazamaji wa Moshi anashtuka kuliko alivyoshtuka mtazamaji wa Delhi wa mwaka 2020, ambaye alikwisha kujua hukumu ingekuwaje. Filamu inalipitia jambo hili kwa wepesi, pengine kwa wepesi uliozidi kidogo, lakini uamuzi wa ndugu kusimama mlangoni kati ya askari na vijana wao ulinifanya nisahau kasoro hiyo.

Wapo watakaosema kwamba jambo lenye adhabu kubwa kiasi hicho halifai kufanyiwa vichekesho. Ninawaheshimu, ila ninaona kinyume. Mwaka huohuo wa 2018 jirani zetu wa Kenya waliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, hadithi ya wasichana wawili wanaopendana Nairobi, na mwongozaji huyo alieleza kwamba bodi ya filamu ilitaka abadilishe mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Mwezi Septemba mahakama iliruhusu ionyeshwe kwa siku 7 tu, na kumbi zikajaa. Ninaona hapo uthibitisho kwamba furaha katika hadithi hizi si pambo. Msiba wa wapenzi wa aina hii unavumilika kwa wengi, maana unaonekana kama adhabu iliyostahili. Wakila, wakicheka, wakigombana kuhusu nani alisahau tiketi, na mwisho wakaondoka pamoja, mtazamaji analazimika kuwafikiria kama watu wa kawaida wenye kesho yao. Vichekesho vya mapenzi vina kanuni moja isiyovunjwa, nayo ni kwamba wapendanao watapatana, na kuwapa Aman na Kartik kanuni hiyo ni kuwapa haki ambayo wapenzi wengine wa sinema wamekuwa nayo siku zote.

Nimeilinganisha pia na Love, Simon ya Marekani, iliyotoka mwaka 2018 na ambayo huenda wengi wameiona kabla ya hii. Ni filamu safi, yenye huruma, na wazazi wake wanaigizwa vizuri sana na Jennifer Garner na Josh Duhamel. Lakini mapambano ya Simon yako zaidi moyoni mwake na katika barua pepe anazoandikiana na kijana asiyemjua; nyumba yake ni kubwa, tulivu, na kila mtu ana chumba cha kufungia mlango. Kwa akina Tripathi hakuna mlango unaofungwa. Shauri linajadiliwa jikoni, juu ya paa na mbele ya majirani, kama mashauri yetu mengi yanavyojadiliwa.

Kasoro zipo na sitazificha. Maneno yanatoka kwa kasi kubwa mno, hasa katika nusu ya kwanza, na anayetegemea maandishi ya tafsiri chini ya picha atapoteza mizaha mingi iliyofungwa katika Kihindi cha Allahabad. Mzaha kuhusu jicho la Goggle unarudiwa hadi unachosha, na katika filamu inayotetea watu wasichekwe kwa walivyoumbwa, sikuona sababu ya kuuweka. Khurrana, aliyevaa hereni puani na nguo za rangi kali, mara nyingine anaigiza kana kwamba yuko jukwaani, ilhali Jitendra Kumar amechagua utulivu, na kwa jicho langu ndiye aliyeibeba kazi. Zaidi ya yote, tunaambiwa kwamba vijana hawa wanapendana sana, lakini hatukuonyeshwa walivyokutana wala siku zao za kawaida chumbani kwao Delhi. Dakika 10 za maisha hayo zingefaa kuliko sarakasi za koliflawa, ambazo katika nusu ya pili zinakula muda bila kulipa.

Filamu ina urefu wa karibu saa mbili, na ninashauri itazamwe na watu kadhaa waliokaa pamoja, wakiwemo wakubwa kama inawezekana kwa amani. Wimbo wa mwisho, Arey Pyaar Kar Le, umeundwa upya kutoka wimbo wa mwanamuziki Bappi Lahiri wa mwaka 1985, na sauti ya Lahiri mwenyewe imo. Baba yeyote aliyecheza nyimbo za filamu ya Disco Dancer, ambazo Lahiri ndiye aliyezitunga, miaka ya themanini ataitambua sauti hiyo mara moja, na ni vizuri aisikie akiwa bado ameketi hapo na wanawe.