MRI ya kifafa: kituo cha pili ndicho kilichoona kitu

Mwaka jana nililipa taslimu MRI, yaani picha za ubongo kwa mashine ya sumaku, kwenye kituo kimoja hapa Dar, nikatoka na karatasi inayosema ubongo wa mwanangu hauna tatizo. Hauna tatizo, na nyumbani anapatwa na kifafa mara mbili kwa wiki! Chake si kile cha kuanguka na kutoa povu. Anasema tumbo linampanda hadi kooni, halafu macho yanaganda, anatafuna mate, anapapasa vifungo vya shati, ukimwita haitiki. Shangazi zake walishaamua ni mashetani.

Daktari wa mishipa ya fahamu alipoziangalia zile picha aliguna. "Mama, hivi vipande ni vya milimita 5. Kovu dogo linajificha humo." Akaandika fomu upya: MRI ya kifafa, vipande vya milimita 1, na vingine vikatwe kukingama na hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu iliyo ndani, usawa wa sikio.

Kituo cha pili miadi ilikuwa saa tatu asubuhi, tukaingia saa sita kasoro. Hapo nilikasirika. Ila yule kijana wa mashine, Mungu ambariki. Alimpa mwanangu vizibo vya masikio na mpira wa kubonyeza akizidiwa, akamwambia, "Mdogo wangu, ukitikisika tunaanza upya." Mimi nikatoa pini zote za mtandio ndipo nikaruhusiwa kukaa naye. Mlio wa MRI ni kama mashine ya kusaga iliyomeza jiwe, karibu dakika arobaini.

Jibu: hipokampasi ya kushoto imesinyaa na ina kovu. Daktari akaniuliza, utotoni aliwahi kupata degedege la muda mrefu? Nikaishiwa maneno. Alikuwa na mwaka na miezi miwili, tuko Tanga, njia nzima hadi hospitali mwili haukutulia. Miaka yote hii sikuwahi kulitaja, nilijua lilishapita.

EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, nayo imeelekeza kushoto. Daktari anasema picha peke yake haitoshi, lazima ikubaliane na EEG na dalili zenyewe, ndipo tuongelee upasuaji, maana dawa mbili zimeshashindwa.

Kituo hiki cha pili nawapa nyota nne. Ya tano wameila kwa kutukalisha, na kwa CD ya picha iliyogoma kufunguka kwa daktari, nikapanda daladala kurudi kufuata nyingine. Mkienda, ombeni waifungue mbele yenu kabla hamjatoka, na fomu ya daktari ipigeni picha kwa simu. Yangu mapokezi waliitafuta nusu saa.