Laptopu ya Kuendeshea Modeli za Uchumi: Ununue Ipi Ukiwa Arusha au Moshi

Kila muhula ukianza napigiwa simu ileile. Mwanafunzi wa uzamili yuko dukani katikati ya mji wa Arusha, muuzaji amempangia laptopu tatu mezani, naye ananinong'oneza, "Kaka, nichukue ipi?" Nami humuuliza, "Utaendesha programu gani?" Hapo simu hunyamaza. Dukani ameulizwa bajeti, rangi na ukubwa wa kioo. Habari ya Dynare, GAMS au EViews hakuna aliyeigusa. Miezi mitatu baadaye simu inalia tena, safari hii saa tano usiku. Tasnifu inadaiwa na programu imegoma.

Mwongozo huu ni kwa wanaosoma uchumi pale Chuo cha Uhasibu Arusha, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi na vyuo vingine vya jirani, na pia kwa maofisa mipango wanaojinunulia mashine kwa mshahara wao. Nimezipanga kwa daraja, ya kwanza ikiwa ile ninayoishauri zaidi. Lakini kabla ya mashine tuzungumze programu, maana ndiyo inayochagua mfumo endeshi, na mfumo endeshi ndio unaochagua mashine.

Programu zinataka nini

R na gretl, programu za takwimu, ni za bure, zinakubali Windows, Mac na Linux, na kuzisakinisha hakumsumbui mtu. Kama kazi yako inaishia hapo, karibu laptopu yoyote yenye afya itakufaa. Stata ni ya kulipia, lakini leseni yake haifungwi kwenye mfumo endeshi mmoja, hivyo ukihama kutoka Windows kwenda Mac unahama nayo. EViews ina toleo la Windows na la Mac, ila Linux haimo. RunGTAP, wanayoitumia watu wa modeli za biashara ya kimataifa, ni ya Windows.

GAMS ilianzia Benki ya Dunia miaka ya 1970 na hadi leo ndiyo kipenzi cha wanaojenga modeli za CGE, zile za kutazama masoko yote ya uchumi kwa pamoja. Inaingia kwenye mifumo yote mitatu. Kikwazo chake ni leseni. Ile ya majaribio inakupa vigeu 2,000 na milinganyo 2,000 kwa modeli ya mstari, na 1,000 kwa 1,000 kwa isiyo ya mstari. Modeli ya darasani inatosha humo. Ukianza kuigawa nchi kwa sekta nyingi, mikoa na makundi ya kaya, utagonga ukuta, na hapo laptopu ya bei kubwa haitakusaidia kitu.

Dynare ndiyo inayozaa simu nyingi za usiku. Ni programu ya bure kutoka taasisi ya CEPREMAP, Ufaransa, ya modeli za DSGE: zile za kuuliza, kwa mfano, benki kuu ikipandisha riba mfumuko wa bei utafanyaje, au bei ya kahawa ya mnada wa Moshi ikiporomoka mapato ya nchi yatayumba kwa muda gani. Dynare haisimami peke yake. Inapanda mgongoni mwa programu nyingine ya hesabu: MATLAB, ambayo ni ya kulipia, au Octave, ambayo ni bure. Kwa hiyo unasakinisha vitu viwili, na lazima matoleo yao yaelewane. Kila toleo la Dynare hutaja matoleo ya Octave na MATLAB linalokubaliana nayo. Mtu akichukua Octave mpya kuliko zote na kuibandika Dynare ya mwaka juzi, anapata makosa mekundu skrini nzima, kisha anailaumu laptopu.

Daraja la kwanza: laptopu ya ofisi ya mtumba, Intel kizazi cha 8 kwenda juu, Windows 11

Nazungumzia ThinkPad T480, EliteBook 840 G5, Latitude 7490 na ndugu zao. Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni, zikatumika ng'ambo, kisha zikaletwa kwetu. Yangu ni T480, nililipa shilingi 650,000, na imeshanibeba kwenye kazi ambazo laptopu mpya ya bei hiyo ingeshindwa.

Kwa nini kizazi cha 8? Sababu ya kwanza wengi wanaijua: Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 au zaidi pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Sababu ya pili hutaisikia dukani, na kwa mtu wa modeli ndiyo nzito zaidi. Kizazi cha 7, prosesa za i5 za laptopu hizi nyembamba zilikuwa na viini viwili, yaani sehemu mbili za kufanyia hesabu kwa wakati mmoja. Kizazi cha 8 zikapata vinne. Kusuluhisha modeli ndogo ya Dynare ni kazi ya sekunde chache kwenye mashine yoyote. Lakini ukifika kwenye ukadiriaji wa Bayes, yaani kukadiria vigezo vya modeli kwa kuchanganya data na makisio ya awali, mashine inarudia hesabu makumi au mamia ya maelfu ya mara, kwa minyororo (mifululizo ya hesabu inayojitegemea) kadhaa, na ukiipanga vizuri kila mnyororo unapata kiini chake. Tofauti ya viini viwili na vinne ni tofauti ya kulala ukaamka na jibu, au kuamka ukakuta bado inahesabu.

Mtego uko kwenye sura. T470, 840 G4 na Latitude 7480 zinafanana mno na hizo nilizotaja, na tofauti ya bei wakati mwingine ni ndogo. Usisome kibandiko, kinabandikwa na yeyote. Fungua taarifa za mfumo usome jina la prosesa: i5-8250U au i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-7300U ni cha 7. Kwa mashine hizi, tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari.

RAM iwe angalau GB 8. Hizi tatu zina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo unaweza kununua ya 8 leo na fundi akakuongezea 8 nyingine mkopo ukitoka. Stata na R hupakia data yote kwenye RAM, na mtu anayeunganisha duru kadhaa za utafiti wa kaya wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu atauona umuhimu wake siku hiyo hiyo. Diski iwe SSD, GB 256. Diski ya zamani inayozunguka usiikubali hata ikiongezwa begi na mausi.

Kusakinisha kwenyewe kuna mpangilio. Octave kwanza, lile toleo Dynare inalolitaja. Kisha Dynare. Kisha ndani ya Octave unaonyesha njia ya folda iitwayo matlab iliyo ndani ya folda ya Dynare, hiyo moja tu. Ukiongeza na folda ndogo zilizo ndani yake unaivuruga, na hili ni kosa ninalolikuta kwenye mashine nyingi kuliko jingine lolote. Modeli zako ziweke kwenye folda fupi kama C:\modeli, mbali na OneDrive, ambayo huanza kupandisha mafaili mtandaoni wakati programu bado inayaandika, na bando linaisha. Na usiku wa kuendesha ukadiriaji mrefu, simamisha kwanza masasisho ya Windows. Nimeona hesabu iliyokwisha kuchukua muda wa saa tisa ikipotea kwa sababu mashine ilijiwasha upya saa kumi alfajiri.

Daraja la pili: mashine hiyohiyo, Ubuntu ndani yake

Kama hutumii EViews wala RunGTAP, hapa kuna raha ambayo watu wanaiogopa bure. Kwenye Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa ukoo wa Linux, Dynare inapatikana katika hazina yake ya programu. Unaandika sudo apt install dynare, nayo inakuja na Octave inayoelewana nayo. Ugomvi wa matoleo unaishia hapo. Inaweza isiwe Dynare ya mwezi huu, kwa kuwa matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu kama 24.04 hayabadilishi programu zake ovyo, lakini kwa tasnifu utulivu ni bora kuliko upya. Toleo la namna hiyo linahudumiwa miaka mitano, zaidi ya muda wa shahada yako. Na kama tayari una laptopu ya kizazi cha 6 au 7 ambayo Windows 11 imeikataa, usiitupe. Ubuntu itaipokea.

Jihadhari na herufi. Kwa Windows, Kahawa.mod na kahawa.mod ni faili moja. Kwa Linux ni mafaili mawili tofauti. Kundi la watu wanne wanaotumiana modeli, mmoja akiwa Ubuntu, lipange tangu mwanzo kuandika majina yote kwa herufi ndogo.

Mimi naweka yote mawili, Windows upande mmoja na Ubuntu upande wa pili, na naichagua ninapowasha. Fanya hivyo ukiwa umeshahamishia kazi zako kwenye diski ya nje. Na hakikisha mashine haina neno la siri la BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya mfumo endeshi. Laptopu yangu ya kabla ya hii niliinunua duka moja la hapa mjini bila kukagua. Nilipotaka kuwasha kwa flashi ya Ubuntu, ikadai neno la siri ambalo kampuni iliyokuwa ikiimiliki iliondoka nalo. Muuzaji hakulijua, mimi sikulijua, na fundi alihitaji wiki nzima kulitoa.

Daraja la tatu: MacBook Air M1

Ilitoka mwishoni mwa 2020, haina feni, haina kelele, na chaji inakaa sana, jambo kubwa umeme ukikatika katikati ya hesabu. Kwa kasi inazipita zote nilizozitaja. Ingekuwa juu zaidi isingekuwa mambo matatu.

RAM yake imejengwa pamoja na prosesa, haiongezeki. Ukinunua ya GB 8 utazikwa nayo.

Pili, Mac zimegawanyika ukoo. Kuna za Intel na kuna za Apple Silicon (prosesa za Apple yenyewe, kama hii M1), na Dynare ina kifurushi cha kila upande. Kifurushi lazima kilingane na MATLAB uliyonayo, na MATLAB ya asili kwa Apple Silicon ilianza na toleo la R2023b. Mtu mwenye MATLAB ya Intel akichukua Dynare ya Apple Silicon, haziongei. Anayetaka Octave ataipitia Homebrew, kisakinishi cha programu za bure kwenye Mac, na hapo andaa bando la maana, au nenda chuoni penye Wi-Fi, kwa sababu vitu vinavyoburutwa pamoja nayo ni vingi.

Tatu, kufuli. Mac ya mtumba inaweza kuwa bado imefungwa kwenye akaunti ya mwenyewe wa kwanza au chini ya usimamizi wa kampuni yake. Idai ifutwe na ianzishwe upya mbele yako, hadi ifike kwenye skrini kuu, ikiwa na intaneti. Muuzaji akisita, aga.

Nyingine, kwa haraka

MacBook Air ya 2017 inapendeza na bei yake inavutia, lakini ni Intel ya viini viwili na mfumo wake uliishia Monterey. Laptopu mpya za bei nafuu zenye RAM GB 4 na hifadhi ya eMMC GB 64 zinatosha kuandika barua. Chromebook iache kwa wanafunzi wa shule. Zile mpya za Windows zenye prosesa ya Snapdragon ni nzuri, ila programu nyingi za fani yetu zimeandikwa kwa Intel na AMD, hivyo huko zinapitia kwa mkalimani, programu ya kuzitafsiria prosesa. Subiri kwanza.

Kuna na hili la kuuziwa laptopu ikiwa "imeshawekwa MATLAB na Stata". Hizo leseni zimevunjwa. Zinaweza kuingia na virusi, na huwezi kuandika kwenye tasnifu programu ambayo huna haki nayo. Octave na R ni za bure, tena za halali.

Ukiwa dukani

Anayetoka Moshi ahesabu umbali. Ni kama kilomita 80 hadi Arusha. Chaguo ni kubwa zaidi Arusha, lakini dhamana ya wiki mbili inayokutaka urudi kwa nauli, ukiacha vipindi, ni nusu ya dhamana. Bei zikikaribiana, mimi ningenunua Moshi.

Nenda mchana na flashi mbili. Ya kwanza iwe na Ubuntu ya kuwashia bila kusakinisha: ikiwaka na kushika Wi-Fi, umejua BIOS haijafungwa na kwamba Linux inaikubali. Kwenye Windows andika powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo betri iliozaliwa nao na uwezo ilionao sasa. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, bei nayo ishuke. Kwa Mac tazama mizunguko ya chaji. Apple huihesabia betri hiyo mizunguko 1,000.

Flashi ya pili iwe na Octave na Dynare, uliyoyapakua nyumbani, matoleo yanayoelewana. Mwombe muuzaji robo saa na kiti. Sakinisha, kisha endesha example1.mod, mfano unaokuja ndani ya Dynare yenyewe. Utaona inatafuta hali tulivu ya modeli, inachapa majedwali, halafu inafungua michoro ya jinsi uchumi unavyoitikia mshtuko. Michoro ikitokea, omba risiti ya EFD yenye namba ya laptopu yako, ulipe.