Ramani za kale za Barbados kwa ukuta wa sebule: ipi ununue kwanza

Barbados ni kisiwa kidogo cha Karibi, kilomita za mraba 431 tu, lakini kimechorwa mno. Waingereza walikishika tangu 1627 mpaka uhuru wa 1966, miwa ikakifanya mali, na penye mali mpima ardhi hakosekani. Ndiyo maana nakala za ramani zake ziko tele sokoni, nyingine nzuri sana, nyingine hazifai hata kujaladia daftari. Nimezipanga kwa ajili ya mtu anayetaka kitu cha kutundika na kukisoma, si cha kuziba ukuta mtupu.

Ya kwanza kwangu, bila kusita, ni ya William Mayo ya 1722. Mayo alikipima kisiwa kuanzia 1717 hadi 1721, na jasho lake linaonekana: parokia zote 11 (yaani wilaya za kisiwa) zimewekwa mahali pake, mashamba yana majina, na pembeni kuna ramani ndogo ya mji wa Bridgetown. (Baadaye alihamia Virginia, na ndiye aliyepima viwanja vya mwanzo vya mji wa Richmond.) Shida yake ni ukubwa. Ya asili ilichapwa kwa karatasi kadhaa za kuunganishwa, kwa hiyo ukiibana kwenye A3 majina yanabaki madoa meusi. Ichukue kuanzia A1 (sawa na karatasi nane za A4), au iache kabisa.

Ya pili ni ya Richard Ford, ya miaka ya 1670. Ford alikuwa Mkwekeri, mfuasi wa dhehebu la Kikristo, na Wakwekeri hawakutaka vita wala kanisa la serikali. Basi ramani yake haina makanisa wala ngome. Alichojaza ni vinu vya kukamulia miwa: vya upepo, vya maji na vya kuzungushwa na ng'ombe. Ukiisogelea unauona uchumi wa sukari shamba kwa shamba. Aliyewahi kufika kaskazini mashariki mwa kisiwa na kukiona kinu cha upepo cha Morgan Lewis, ambacho ni cha baadaye lakini bado kimesimama, ataipenda hii kuliko ya Mayo, na sitabishana naye.

Kama una ukuta mwembamba wa kibarazani, chukua ya Jacques-Nicolas Bellin, Mfaransa wa karne ya 18 aliyechora kwa ajili ya jeshi la majini. Ni ndogo, safi, na inasomeka hata kwa A4. Hiyo ya tatu.

Ya Richard Ligon ya 1657 naiweka ya nne, ingawa ndiyo inayovutia jicho haraka: ina ngamia, ina nguruwe, ina majina yaliyopangwa kando ya pwani. Itazame vizuri kabla hujalipa. Ndani ya kisiwa kuna mpanda farasi anayewafyatulia risasi watu wanaokimbia, na watu hao ni watumwa waliotoroka. Sisemi usiinunue, maana ni ushahidi mzito. Lakini mahali pake ni chumba cha kusomea, na maelezo mafupi chini yake ili mgeni ajue anachokitazama. Si juu ya meza ya chakula. Muuzaji akiwa ameifuta sehemu hiyo ili ramani ipendeze, mwachie mali yake. Na hata kwa Mayo na Ford, kumbuka kwamba majina unayoyasoma ni ya wenye mashamba. Waliolima hawakuandikwa.

Ukishachagua ramani, angalia imechapwa juu ya nini. Karatasi ya pamba isiyo na asidi, yenye gramu 200 na zaidi kwa mita ya mraba, kwa wino wa pigimenti (wa chembe za rangi), ndiyo bora. Turubai, yaani kitambaa cha wachoraji, inafuata kwa mbali, kwa sababu nyuzi zake zinameza mistari myembamba, na ramani ni mistari mitupu. Karatasi ya kung'aa inakurudishia sura ya taa badala ya kisiwa. Mito ya makochi, vikombe na mbao zilizochapwa ramani sizihesabu.

Bei ya kusafirisha ikikushinda, chapisha mwenyewe. Ramani hizi hazina tena hakimiliki, na maktaba ya John Carter Brown ya Providence, Rhode Island, ina hazina kubwa ya ramani za Amerika na Karibi, nyingi zikionekana bure mtandaoni. Pakua faili kubwa kuliko zote zilizopo. Kwa A1 yenye nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 7016 kwa 9933. Kwa A2, 4961 kwa 7016. Faili ikiwa chini ya hapo, punguza ukubwa wa ramani, usimruhusu mchapaji aivute.

Kwa muuzaji, omba picha ya karibu ya kona moja kabla ya kutuma pesa, upana wa kiganja tu. Kama huwezi kusoma jina la shamba hata moja kwenye picha hiyo, hutalisoma ukutani.

Kwenye fremu, hakikisha kuna kadi inayotenga karatasi na kioo. Wanaoishi pwani wanajua sababu: unyevu ukiingia, karatasi inashikamana na kioo, na siku ya kuitoa rangi inabaki kwenye kioo. Itundike mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana.